Vitanda vya Mahututi na Pete ya Dhahabu

Wapendwa katika Bwana, somo letu la juma hili ni Yakobo 2:1-9, mahali ambapo Yakobo analikemea kusanyiko linalompa mwenye pete ya dhahabu nafasi nzuri na kumwambia maskini asimame kando. Tumezoea kulisoma fungu hili tukiwaza viti vya kanisani. Naomba safari hii tuwaze vitanda vya wodi ya wagonjwa mahututi wakati wa janga kama la UVIKO-19, pale wanaoshindwa kupumua wanapokuwa wengi kuliko mashine za kuwasaidia, na inalazimu kuamua nani aunganishwe na nani akose.

Watu wa dini wamewahi kushiriki uamuzi wa namna hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 huko Seattle, Marekani, mashine za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo zilikuwa chache mno, ikaundwa kamati ya watu saba, mmoja wao mchungaji, iwachague wa kutibiwa miongoni mwa wale ambao madaktari walikwisha kuwakubali. Kamati ilitazama kipato, ndoa, idadi ya watoto, elimu, na hata mahudhurio ya kanisani. Huenda wapo kwetu watakaofurahi kusikia kwamba ibada ilihesabiwa, lakini mimi naona ni pete ileile ya dhahabu, ila imevaliwa na mshirika mwaminifu. Wakoma kumi wa Luka 17 walitakaswa wote kabla haijajulikana ni nani atakayerudi kushukuru, na aliyerudi alikuwa Msamaria.

Mwongozo wa jimbo la New York, Marekani, wa mwaka 2015 kuhusu kugawa mashine za kupumulia ulipita njia nyingine, ukapima ugonjwa badala ya mtu. Mapafu, moyo na mzunguko wa damu, ini, figo, ubongo na uwezo wa damu kuganda hupewa alama, kila kimoja kuanzia 0 hadi 4, kisha mgonjwa aliyeunganishwa hupimwa tena baada ya saa 48 na baada ya saa 120, na asipopata nafuu mashine yaweza kuhamishiwa kwa mwingine. Anayeamua si daktari anayemhudumia, ili huyo abaki upande wa mgonjwa wake. Wagonjwa wakilingana, huchaguliwa kwa kura.

Najua neno kura linawakwaza baadhi yetu, kwa kuwa linanuka kamari. Lakini katika Matendo 1 mitume walitaja kwanza sifa zinazotakiwa, wakabaki na Yusufu na Mathiya, wakaomba, ndipo wakapiga kura, maana hawakuwa na haki ya kumtukuza mmoja juu ya mwenzake. Wengine husema heri foleni, aliyetangulia ahudumiwe kwanza. Kwetu Kanda ya Ziwa foleni hiyo ina upendeleo wake: mtu wa Nyamagana, jijini Mwanza, hupanda kilima cha Bugando, penye hospitali ya rufaa, kwa muda mfupi, wakati mgonjwa wa kisiwa cha Ukerewe husubiri kivuko au meli, na wa kisiwa cha Ukara huvuka maji mara mbili. Kuchelewa kwake si kwamba anahitaji pumzi kidogo kuliko mwenzake.

Linalotuhusu zaidi sisi ni kimemo, yaani ombi la mwenye cheo la kumpendelea mtu wake, ambacho siku hizi huja kwa simu. Mzee wa kanisa anaugua, na kabla ya saa moja kwisha mchungaji, diwani na binamu wa daktari wote wamekwisha kupiga. Tunaita upendo, na kwa mgonjwa wetu ni upendo kweli, ila kwenye kitanda cha pili yupo mvuvi ambaye hana wa kumpigia, na alama zake hazikubadilika simu yetu ilipoita. Naona ni afadhali mchungaji asipige kabisa kuliko kupiga “kuulizia tu”, maana muuguzi wa zamu anajua maana ya kuulizia huko.

Kazi ya kanisa ipo kwa aliyekosa mashine na kwa yule aliyeondolewa. Hao hupewa tiba shufaa, yaani dawa za kupunguza maumivu na kukosa pumzi, na wanastahili mtu wa kuwashika mkono, au, maambukizi yakizuia, sauti ya ndugu kwenye simu inayoshikwa na muuguzi. Hapo ndipo simu ya mchungaji inapotakiwa, aisome Zaburi 71:9 pamoja na mgonjwa: “Usinitupe wakati wa uzee, nguvu zangu zipungukapo usiniache.”