Viganja vya mwanangu baada ya malaria kali

Nilidhani mtoto akiruhusiwa kutoka hospitali, malaria imekwisha. Wangu alikuwa na miaka miwili, kwetu mkoani Tanga. Alifikishwa wodini wingi wa damu ukiwa 4.2, na kwa mtoto ukishuka chini ya 5 tayari ni hatari. Aliongezewa damu usiku uleule, akachomwa atesuneti, sindano ya malaria kali, akapewa na antibiotiki. Niliuliza antibiotiki ya nini. Daktari akasema chembe nyekundu za damu zinapovunjika kwa wingi, askari wa mwili wanazidiwa na kazi ya kusafisha mabaki, na bakteria kama salmonela hupata upenyo wa kuingia kwenye damu. Kinga niliyompa tumboni ilishaisha tangu alipokuwa mchanga, na yake mwenyewe ilikuwa bado haijakomaa.

Tulirudi nyumbani na dawa mseto ya siku tatu. Nilimnywesha na maziwa, kwa kuwa dawa ile huhitaji mafuta ili iingie vizuri mwilini.

Siku ya 11, namwogesha, nikaona viganja vimekuwa vyeupe tena. Mkojo ulikuwa kama chai ya rangi. Homa hana. Jirani akasisitiza nimpe dawa nyingine ya malaria. Sikumpa, nilimbeba nikarudi naye hospitali.

Kipimo cha haraka kilionyesha ana malaria, nikaishiwa nguvu. Lakini hadubini haikuona kimelea hata kimoja. Muuguzi mmoja mtu mzima akanikalisha: "Mwanangu, hiki kipimo kinashika mabaki ya wadudu waliokwisha kufa, hata wiki kadhaa." Kumbe atesuneti inapoua kimelea, bandama hukichomoa ndani ya chembe na kuiachia chembe irudi kwenye damu. Chembe hiyo haiishi sana. Za mwanangu zilikuwa zinavunjika nyingi kwa wakati mmoja.

Wingi wa damu ulikuwa 5.8. Alikuwa anapumua vizuri, kwa hiyo hakuongezewa damu. Alilazwa, akapimwa kila siku mpaka ukaanza kupanda.

Tangu hapo nikawa na daftari. Kila asubuhi nilivilinganisha viganja vyake na vyangu pale dirishani, na mkojo niliukinga kwenye kopo jeupe, nikaandika. Niliendelea hivyo mpaka wiki ya nne. Laiti ningeambiwa mapema, ningeanza siku ileile tulipotoka wodini. Wiki ya sita alipimwa 9.8, na kutoka kliniki mpaka kituo cha daladala alikataa kabisa kubebwa.