Siku moja maishani mwangu: kuchambua mbio za HYROX kipande kwa kipande

Saa 11:00 alfajiri

Nimeshaswali, maji ya chai yako jikoni, nafungua simu. Ujumbe uliingia usiku wa manane: "Shikamoo dada. Mpira ndio umeniangusha. Ningeurusha vizuri ningemaliza chini ya saa 1 na dakika 26."

Umetoka kwa binti wa Arusha ninayemfundisha, anafanya kazi mapokezi katika hoteli moja hapa Dubai. Jumamosi alishindana HYROX, mbio za kukimbia zilizochanganywa na vituo vya nguvu, peke yake, daraja la kawaida la wanawake, akamaliza kwa saa 1, dakika 30 na sekunde 16. Namjibu marahaba, ale vizuri, tuonane jioni. Sitaki kubishana naye kabla ya kuangalia namba. Mtu akitoka kwenye mbio hukumbuka pale alipoumia mwisho, na cha mwisho katika HYROX ni kurusha mpira mara 100. Mahali palipouma na mahali muda ulipopotelea mara nyingi ni sehemu mbili tofauti.

Saa 12:00 asubuhi

Darasa la kwanza. Jimu yetu iko Al Quoz, katikati ya maghala na gereji, na saa hizi ndipo wanapokuja watu wa ofisini kabla foleni ya Sheikh Zayed Road haijakaza. Leo wanapiga makasia kwenye mashine na kukimbia. Wanamaliza, wanaoga, wanaondoka.

Saa 3:00 asubuhi

Karak, chai ya maziwa yenye viungo, na chapati mezani, kompyuta wazi. Hapa ndipo siku yangu inapoanza hasa.

Kwa asiyeijua HYROX: ilianzia Hamburg, Ujerumani, mwaka 2017, waasisi wakiwa Christian Toetzke na Moritz Fürste, yule bingwa wa Olimpiki wa mpira wa magongo wa 2008 na 2012. Unakimbia kilomita 1, unafanya kituo kimoja cha nguvu, unarudi kukimbia, hivyo hivyo mara nane. Vituo vina mpangilio usiobadilika: SkiErg (mashine ya kuvuta kamba kwa mikono miwili, kama mtu anayeteleza kwenye theluji) mita 1,000, kusukuma sledi (kigari kisicho na magurudumu, kinachoburutwa juu ya zulia) mita 50, kuivuta kwa kamba mita 50, kulala kifudifudi, kuinuka na kuruka mbele mita 80, makasia mita 1,000, kubeba vyuma viwili mita 200, kutembea ukigusisha goti chini na mfuko wa mchanga mabegani mita 100, halafu mpira. Kwa daraja lake sledi ya kusukuma ni kilo 102, ya kuvuta 78, na mpira wa kilo 4 unapiga shabaha iliyo mita 2.70 juu.

Kwa sababu utaratibu ni ule ule, uwe London au Cape Town, kila mshindani hupata matokeo yaliyokatwa vipande: kila kilomita, kila kituo, na muda wa Roxzone, yaani ile njia ya kutoka mbioni kuingia kituoni na kurudi. Mimi naipenda sana karatasi hiyo. Mbio nyingi hukupa muda wa kumaliza tu, ukabaki kubahatisha.

Naandika vipande vyake kwenye jedwali. Kilomita nane: 4:38, 5:10, 5:52, 5:48, 5:55, 5:40, 5:46, 6:21. Jumla dakika 45:10, nusu ya muda wake wote. Hili huwashangaza wengi wanaotoka kwenye jimu za vyuma: wanaingia wakidhani ni shindano la misuli, kumbe kukimbia ndiko kunakokula saa.

Sasa tazama ile 4:38. Binti huyu akiwa hajachoka hukimbia kilomita 5 kwa dakika 25, yaani 5:00 kwa kilomita. Raundi ya kwanza ya mbio za saa moja na nusu ameikimbia kasi kuliko mbio zake za kilomita 5. Mazoezini, kilomita inayofuata kituo kizito huwa anaishika kwa 5:25 bila kuvunjika. Nikiichukua 5:25 kuwa kipimo, raundi mbili za mwanzo alijipatia dakika 1 na sekunde 2. Raundi sita zilizofuata zilimnyang'anya dakika 2 na sekunde 52.

Na mpira? Dakika 6:10. Mazoezini, miguu ikiwa mipya, anamaliza 100 kwa 5:15. Tofauti ni sekunde 55, na sehemu yake ni uchovu aliokuja nao kutoka mbali.

Saa 5:30 asubuhi

Video. Rafiki yake alimrekodi kwa simu kutoka pembeni, mkono unatetemeka, watu wanapita mbele, lakini inatosha.

Nasimama kwenye kuvuta sledi, maana dakika 5:05 alizotumia hapo zimenisumbua tangu asubuhi. Sledi hailinganishwi ovyo kati ya jiji na jiji: zulia la hapa na la pale hayasuguani sawa, uzito ule ule ukawa mwepesi huku na mzito kule. Kwa hiyo nimemlinganisha na wanawake wa siku ile ile waliomaliza karibu naye. Kwenye kusukuma yuko mbele ya wengi wao. Kwenye kuvuta yuko nyuma. Zulia ni moja kwa wote, basi tatizo ni yeye na kamba.

Naicheza taratibu. Amesimama wima, anavuta kwa mikono tu, kiganja juu ya kiganja, kama anateka maji kisimani. Mivuto minne mitano, sledi inasimama, anapumua, anaanza upya kuing'oa. Kuing'oa sledi iliyokufa ndiko kunakomaliza mtu, si kuiendeleza. Halafu kamba inarundikana miguuni. Mzunguko wa tatu anaikanyaga, anatazama chini, anaipiga teke pembeni, anaishika tena. Nimepima kwa saa: sekunde 9 kwa teke hilo moja.

Ninachotaka ni mikono iliyonyooka, makalio yashuke, mwili wote uegemee nyuma, arudi hatua tatu nne ndani ya kisanduku alichochorewa sakafuni, sledi ikija naye, kisha asogee mbele haraka, ashike kamba mbali, arudie. Mgongo na miguu vifanye kazi, mikono iwe ndoana tu.

Mpira nao nimeutazama hadi mwisho. Alianza na seti ya 20, ikafuata 15, halafu 12, halafu kumi kumi. Kila anapousimamisha mpira anageuka kumtafuta rafiki yake ukumbini. Urushaji wenyewe ni safi, anachuchumaa inavyotakiwa na mpira unagonga shabaha. Hapo sina la kumrekebisha zaidi ya mapumziko.

Saa 7:15 mchana

Wali, samaki, pilipili. Nalala dakika ishirini.

Saa 8:30 mchana

Narudi kwenye mapigo ya moyo. Alivaa mkanda wa kifuani, nashukuru, kwa sababu saa ya mkononi peke yake huchanganyikiwa mtu anapobana vyuma na kamba. Upeo wake tunaujua, 191. Mwisho wa kilomita ya kwanza alikuwa 182. Baada ya kusukuma sledi, 188. Hakushuka chini ya 178 mpaka alipokaa kwenye makasia. Ndiyo kusema kamba aliikuta ameshaishiwa, na ile 4:38 ndiyo iliyomtangulia kila mahali.

Roxzone: dakika 8:14. Kwenye video anaonekana anatembea kila anapotoka kituoni, mikono kiunoni, hata baada ya vituo alivyovifanya kwa raha. Katembee baada ya sledi nitakuelewa. Baada ya makasia umekuwa umekaa, unatembelea nini? Akienda mchakamchaka mwepesi tu anapata 6:30, na hiyo ni dakika 1 na sekunde 44 zisizohitaji misuli mipya hata kidogo. Kwangu hapa ndipo penye muda wa bure, na ndipo watu wanapopadharau kuliko kote.

Saa 11:00 jioni

Amekuja moja kwa moja kutoka kazini, viatu vya kazi bado mguuni.

"Dada, niambie ukweli. Ni mpira, eti?"

Nampa jedwali asome mwenyewe kabla sijasema neno. Anapitisha kidole kwenye kilomita zake, anafika ya tatu, anarudi ya kwanza.

"Mbona nilijisikia vizuri pale mwanzo?"

"Kila mtu hujisikia vizuri pale, mdogo wangu. Muziki, watu, umepumzika wiki nzima."

"Sikupumzika," anasema. Ndipo ananiambia kwamba Ijumaa alisimama zamu ya jioni mpaka saa sita usiku. Hilo hakuna saa wala mkanda ungenionyesha. Naliandika juu kabisa ya karatasi, juu ya namba zote. Ndiyo maana sitaacha kukaa na mtu ana kwa ana hata vifaa vikiwa bora namna gani. Tumekubaliana aombe kubadilishana zamu mapema, mara tu atakapojiandikisha tena.

Saa 12:30 jioni

Tunakwenda kwenye zulia. Misuli yake bado ina maumivu ya Jumamosi, kwa hiyo nusu ya uzito na mita 12.5 tu, urefu wa njia moja. Mara ya kwanza anarudi kwenye mikono. Namshika mabega, namvuta nyuma mpaka aogope kuanguka. "Hapo hapo. Sasa tembea kinyumenyume." Sledi inakuja bila kusimama, na yeye anacheka kwa mshangao. Tunarudia hadi kamba ijipange yenyewe upande wa kushoto, mbali na miguu. Kisha namfukuza akanyooshe mwili, akalale.

Saa 3:00 usiku

Namwandikia mpango. Raundi ya kwanza isipungue 5:20, nyingine zikae kwenye 5:25. Roxzone asitembee isipokuwa baada ya sledi mbili. Kamba mara mbili kwa wiki. Mpira seti za kumi kumi tangu mwanzo, pumzi tatu katikati, macho yasiondoke ukutani. Nimepiga hesabu: kukimbia kwa usawa 1:50, Roxzone 1:44, kamba sekunde 45, mpira sekunde 40. Jumla 4:59, na hiyo inampeleka saa 1:25:17 kwa mwili huu huu alio nao leo.

Anajibu haraka: "Asante dada. Lakini wakianza kunipita raundi ya kwanza, nitajizuia vipi?"

Swali zuri, na jedwali halina jibu lake. Nimemwambia Alhamisi tuanzie hapo: kilomita moja kwa 5:25, nikikimbia naye bega kwa bega, saa yake nimeivaa mimi.