Nilivyoisoma kozi ya utangulizi wa kompyuta: muda mwingi Excel, nadharia baadaye

Kozi ya kompyuta ya mwaka wa kwanza hapa Uganda humkuta hata anayesomea ualimu au uhasibu. Vizazi vya kompyuta, tofauti ya RAM na diski, aina za mitandao: hayo yanaingia kichwani kwa kusoma tu, na sikuyapa muda mrefu. Muda niliupeleka kwenye Excel, kwa kuwa humo unaweza kupata jibu la uongo na mashine isikuambie neno.

Niliacha mifano ya kitabu nikafanya mazoezi kwa hesabu za duka la rejareja. Safu A ni jina la bidhaa, B idadi, C bei, na D ni =B2*C2. Katika seli F1 niliweka 18%, kiwango cha VAT cha Uganda, kisha E2 ikawa =D2*$F$1. Zile alama za dola ndizo zinazofunga F1 isihame. Bila hizo, ukiburuta fomula kwenda chini, F1 inageuka F2, halafu F3, ambazo ni tupu, na kodi inasoma sifuri kuanzia bidhaa ya pili. Huna haja ya kuziandika kwa mkono: kielekezi kikiwa kwenye F1 ndani ya fomula, bonyeza kitufe cha F4 kwenye kibodi. Kwenye laptop nyingi inabidi ushikilie Fn pia.

Kuna kosa ambalo ni letu kabisa Afrika Mashariki. Mtu anaandika bei 5000/= kama anavyoiandika kwenye risiti, na Excel inaichukulia kuwa maneno, si namba. Ukizidisha unapata #VALUE!, na hilo ni afadhali kwa sababu linaonekana. SUM ndiyo hatari: huruka maneno kimyakimya na kukupa jumla pungufu iliyokaa vizuri kabisa. Dalili yake ni moja. Usipogusa mpangilio wa seli, namba hujipanga kulia na maneno kushoto, kwa hiyo kabla ya kujumlisha nilipitisha jicho kwenye safu nzima. Ukitaka /= ionekane, andika 5000 peke yake, bonyeza Ctrl+1, chagua Custom, uweke #,##0"/=". Namba inabaki namba.

Dalili hiyohiyo inafichua tarehe mbovu. Mashine ikiwa imewekwa kwa mtindo wa Marekani, 25/12/2024 hukaa kushoto kwa sababu hakuna mwezi wa 25, lakini 05/06/2024 hupokelewa bila ubishi kama tarehe 6 Mei. Nenda kwenye mipangilio ya Region, chagua Uganda au Uingereza kabla hujaanza kuingiza data. Namba za simu nazo hupoteza sifuri ya mwanzo: igeuze safu kuwa Text kwanza, ndipo uandike. Ukiigeuza baadaye, sifuri hairudi.

VLOOKUP, fomula ya kutafuta kitu kwenye jedwali na kukuletea mfano bei yake, inawatisha wengi bure. Weka FALSE mwishoni na nusu ya matatizo yake yanaisha. Ukiiacha, Excel hutafuta kinachokaribia, na jedwali lisilopangwa kwa mfuatano litakupa bei ya bidhaa nyingine.

Umeme ukikatika na kompyuta ya mezani haina UPS (betri ya akiba), kinachobaki ni kile ulichokihifadhi. Word na Excel hujiwekea nakala ya dharura kila baada ya dakika 10. Niliishusha hadi 2 kupitia File, Options, Save. Hiyo haichukui nafasi ya Ctrl+S. Uliza pia kama mashine za maabara zina programu ya kuzirudisha zilivyokuwa kila zinapowashwa. Kama zipo hivyo, faili uliyoiacha kwenye desktop imekwenda.

Flashi ikitoka maabara na folda zote zimegeuka shortcut, usiifomati. Mara nyingi faili zako zipo, zimefichwa tu na kirusi. Pitisha antivirus kwanza, kisha fungua Command Prompt uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ambapo E ni herufi ya flashi yako.

Kwenye nadharia, kipande kinachostahili kalamu na karatasi ni namba za msingi wa mbili. Gawanya kwa 2 mfululizo, andika baki, usome kutoka chini kwenda juu. 41 inatoa 101001, yaani 32+8+1. Ukisoma kutoka juu unapata 100101, ambayo ni 37, na mtahini anaijua njia uliyopitia. Baiti moja ina biti 8, hivyo hubeba thamani 256 tofauti, kuanzia 0 hadi 255. Aliyezoea kupiga +256, msimbo wa simu wa Uganda, hana kisingizio cha kusahau.

Kazi ya Word nilipanga vichwa kwa Heading 1 na Heading 2, si kwa kukoleza wino, maana yaliyomo ya kujiunda yenyewe husoma mitindo hiyo. Ukiongeza kurasa, bonyeza kitufe cha kulia juu ya yaliyomo, chagua Update Field, kisha jedwali zima. Na ukienda kuchapisha, Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, au popote, beba PDF. Faili ya docx ikikosa fonti yako kwenye mashine ya mchapaji, kurasa husogea, na yaliyomo yanaelekeza kurasa zisizo zenyewe.