Stesheni ya Maktau, Reli ya Vita

Matatu ya Taveta ilituchukua kutoka Voi ikapita Mwatate na Bura, milima ya Taita ikiwa kulia kwetu, na kadiri tulivyoiacha nyuma ndivyo nyasi zilivyozidi kukauka. Nilishuka Maktau, karibu na lango la Mbuga ya Tsavo Magharibi, ili niione stesheni ambayo treni za abiria ziliacha kusimama zamani.

Reli bado ipo, ingawa nyasi zimeyafunika mataruma na kutu imeshika rangi ileile ya udongo mwekundu. Mtu hujiuliza ni abiria gani aliyetarajiwa katika nyika hii. Hakutarajiwa yeyote. Ilikuwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia: Wajerumani walikuwa wameishika Taveta tangu Agosti 1914, na jeshi la Waingereza, likiwa limeshindwa Tanga mwezi Novemba, liliamua kuwafuata kwa nchi kavu. Vikosi vya reli kutoka India vikaitandika njia hii kutoka Voi hadi ikafika Maktau Juni 1915.

Adha kubwa ilikuwa maji, ambayo ilibidi yaletwe kwa bomba kutoka vilima vya Bura, huku doria za Wajerumani zikivizia njia ya reli na baruti zao. Karibu na hapa, tarehe 3 Septemba 1915, Luteni Wilbur Dartnell wa jeshi la Waingereza aliuawa baada ya kukataa kuwaacha askari wake waliojeruhiwa. Wapo pia askari wa Kihindi waliozikwa Maktau. Wageni husimuliwa zaidi kisa cha mwanamke Mjerumani aliyewalenga Waingereza akiwa ndani ya mbuyu, huko mbele karibu na kilima cha Salaita. Mimi naona reli ina kisa kizito zaidi, tena ushahidi wake unakanyagika.

Taveta ilipotwaliwa Machi 1916, reli ilisogezwa hadi Kahe, ng'ambo ya mpaka katika Tanzania ya leo, ikaungana na ile ya Tanga na Moshi. Amani ilipokuja, njia iliyochorwa na majenerali ikalazimika kutafuta mzigo, na mashamba ya makonge ya Mwatate na Taveta yakaipa kazi. Kisha ikaja 1977: Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika pamoja na shirika lake la reli, na Tanzania ikafunga mpaka. Mpaka ulifunguliwa tena 1983, lakini siku hizi mizigo hupita barabarani, na nilipokuwa nikingoja matatu ya kuendelea, malori ya ndizi kutoka Taveta yalinipita moja baada ya jingine yakielekea Voi.