Farasi nimeshawaona

Binti yangu aliye Uingereza kanitumia video ya mtambo wa zima moto wa karne ya 19: pampu ya mvuke ya kukokotwa na farasi wawili, imetunzwa mpaka leo na bado inafanya kazi. Boila limesimama wima, shaba yake inang'aa kuliko sufuria za bi harusi.

Nimeitazama mara sita. Wajukuu wanashangaa farasi. Mimi ni fundi pampu hapa Kirumba, Mwanza, macho yangu yako kwenye lile tungi la shaba juu ya pampu. Pampu ya pistoni hutapika maji: puu, kimya, puu. Hewa iliyofungiwa mle tungini inabanwa pistoni ikisukuma, kisha inayasukuma yenyewe pistoni ikirudi, na maji yanatoka mfululizo. Safi sana.

Na mvuke? Boila lina maji kidogo na mirija mingi myembamba. Kuni zilikaa tayari, zikawashwa wakati wa kutoka. Dakika kama 10 mvuke upo, farasi wangali mbioni.

Mtambo wa kwanza wa aina hii waliutengeneza mafundi Braithwaite na Ericsson, London, 1829. Mwaka uliofuata ukumbi wa Argyll Rooms uliungua wakati wa baridi kali, pampu za mikono zikaganda, huu wa mvuke ukapiga maji kwa muda wa saa 5 bila kupumzika. Bado kikosi cha zima moto cha London kikaukataa kwa miaka mingi. Pampu za mikono zilisukumwa na vibarua waliolipwa kwa saa, na bia juu. Fundi mwenzangu kacheka: "Sasa hapo nani angetaka mvuke?"

Jirani yangu, mzee wa Magu, kasema huku kwetu mbung'o wangewamaliza hao farasi. Tungefunga ng'ombe kwenye tela tukafike kupoza majivu.

Nilicheka, lakini nilikumbuka nyumba iliyoungua kule mawe ya Igogo. Ziwa tunaliona pale chini, maji hatuna. Pampu inasukuma maji juu sana, ila kuvuta, zaidi ya mita 7 hivi kwenda juu inaanza kushindwa. Kwa hiyo niliishusha yangu ya petroli hadi ufukweni, ikawaka kwa kamba ya kwanza. Mpira ndio haukufika. Tulimalizia kwa ndoo.

Nimemwomba binti arudi akapige video nyingine, safari hii ainame aonyeshe mpira wa kuvutia maji na chujio lake. Farasi nimeshawaona.