Vidonge vitamu vya mama mkwe na presha isiyobembelezwa

Kama una mzee nyumbani mwenye presha ambaye pia amezipenda dawa za homeopathia, yaani vidonge na matone ya kitu kilichozimuliwa mno, huenda haya yetu yakakufaa. Mama mkwe wangu alitoka Chavakali akaja kukaa nasi hapa Migosi, Kisumu, baada ya baba mkwe kuaga dunia. Presha alikuwa nayo kwa miaka, na kitambo alishaandikiwa amlodipine ya miligramu 10. Nilipokuwa nikimpangia vitu kabatini nikakuta pakiti za amlodipine zimejaa, hazijaguswa. Kando yake palikuwa na chupa ndogo za vidonge vyeupe vitamu, vile vya kuyeyusha chini ya ulimi.

Mimi ni Mtaita, yeye ni Mmaragoli, kwa hiyo nyumbani tunaelewana kwa Kiswahili, na Kiswahili chake hakina kona. Nilipomuuliza alinijibu, “Mama Baraka, zile za hospitali zinanivimbisha miguu. Hizi hazinifanyi kitu.” Hapo kwenye kutomfanya kitu tulikubaliana kabisa, kila mmoja kwa maana yake.

Baba Baraka alitaka chupa zitupwe jioni hiyohiyo. Nilimkatalia. Mzee ukimtupia dawa anayoiamini haachi kuitumia, anaificha, na siku ikimdhuru hutajua alikunywa nini. Badala yake nilimwomba Mama anionyeshe chupa zote, nikaketi naye tukasoma lebo moja baada ya nyingine.

Nyingi ziliandikwa jina la Kilatini, kisha namba na herufi: Arnica 200C, Natrum muriaticum 30C. Hiyo Natrum muriaticum ni chumvi, hii hii tunayotia kwenye mboga. Herufi C maana yake sehemu moja ya kitu imezimuliwa kwa sehemu 99 za maji au spiriti, na namba inaonyesha kazi hiyo imerudiwa mara ngapi, huku ikitikiswa kila mara. Sisi wa Kisumu tuna kipimo kizuri cha kulielewa jambo hili. Chukua tone moja la dawa, ulitie ndani ya Ziwa Victoria lote, kuanzia Dunga hadi Mwanza na Entebbe, ukoroge. Hapo umekaribia 10C. Sasa chota tone moja la ziwa hilo, ulitie kwenye ziwa jingine la ukubwa uleule, kisha tone la ziwa hilo la pili ulitie kwenye la tatu. Hiyo ndiyo takriban 30C. Kwa hesabu ya kemia, ukishapita 12C ni vigumu kupata hata molekuli moja ya kile ulichoanza nacho. Wenye tiba hii hawakatai hesabu. Wengi wao husema maji hubaki na kumbukumbu ya dawa. Kumbukumbu hiyo hakuna kipimo cha kuaminika kilichowahi kuionyesha.

Nilipomsomea Mama habari za mwanzilishi wake alisikiliza kwa hamu. Samuel Hahnemann alikuwa daktari Mjerumani. Mwaka 1790 alikunywa dawa ya gome la mti wa sinkona, lile linalotoa kwinini, akahisi mwili kama wa mtu mwenye homa ya malaria. Akakata shauri kwamba kinacholeta dalili kwa mtu mwenye afya huponya dalili hizohizo kwa mgonjwa, na wazo hilo akalichapisha mwaka 1796. Tusimcheke sana. Enzi zake madaktari walikuwa wakiwatoa wagonjwa damu na kuwanywesha zebaki, kwa hiyo aliyewapa maji matupu alikuwa amewahurumia. Ila gome lile lilitibu malaria kwa sababu lina kwinini inayoua vimelea, na kwinini inataka kiasi cha kutosha. Ukiizimua mpaka iishe, vimelea vitaendelea na shughuli zao.

Kuhusu kama zinafanya kazi, sikutaka kubishana naye kwa maneno yangu. Mwaka 2015 baraza la taifa la utafiti wa tiba la Australia lilipitia tafiti zilizokuwapo na kusema hakuna ugonjwa wowote ambao kuna ushahidi wa kuaminika kwamba homeopathia inautibu. Mwaka 2017 huduma ya afya ya Uingereza, NHS, iliwashauri madaktari waache kuziandika dawa hizo. Ufaransa, ambako zinapendwa sana, serikali iliacha kabisa kuwarudishia watu gharama zake mwaka 2021. Mama alisikiliza yote, akasema, “Hao hawajui goti langu.” Basi.

Kwenye usalama ndiko nilikoshangaa, maana mambo yamegeuka juu chini. Hizo za namba kubwa, 30C na 200C, ndizo zisizo na wasiwasi, kwa kuwa ndani ni sukari tu. Za kuangalia ni za namba ndogo, pamoja na matone ya mmea uliolowekwa kwenye spiriti bila kuzimuliwa, kwa sababu hayo yana kitu ndani. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kwamba vidonge fulani vya homeopathia vya watoto wanaoota meno vilikutwa na beladona kwa vipimo visivyolingana, vingine vikizidi sana vilivyoandikwa kwenye lebo. Beladona ni mmea wa sumu. Kwenye kifuko cha Mama palikuwa na chupa moja ya matone, lebo imefutika, harufu ya spiriti inapasua pua. Hiyo peke yake ndiyo niliyomwomba tuiondoe, akakubali bila ugomvi kwa kuwa nyingine zote nilimwachia. Na nilimwambia wazi kwamba Baraka mdogo asipewe hata kidonge kimoja.

Nilimuuliza aliyempa vidonge alimfanyia nini hasa. Akanieleza kwa kirefu, uso umechangamka. Yule mama alikaa naye karibu saa nzima. Alimuuliza analalaje, anaota nini, anapenda chumvi au sukari, kufiwa kumemkaaje, miguu inavimba saa ngapi na viatu gani vimekataa kuingia. Kliniki alikokuwa akichukua amlodipine hakuna aliyewahi kumuuliza kuhusu miguu. Foleni ni ndefu, anapimwa, anaandikiwa ileile, anaitwa anayefuata. Siwalaumu wale vijana wa kliniki, wagonjwa ni wengi mno. Ila ukweli ni kwamba maswali ya maana yaliulizwa na mwenye chupa za sukari.

Nikaona majibu yale yasipotee. Niliyaandika kwenye daftari la Baraka la shule: miguu inavimba kuanzia alasiri, yote miwili, ikilala juu ya mto inapungua, ilianza dozi ilipopandishwa kuwa 10. Tukaenda kliniki mapema, nikampa daktari karatasi kabla hajauliza lolote. Aliisoma, akabonyeza kifundo cha mguu wa Mama, akacheka kidogo. Kuvimba miguu ni jambo linalojulikana kwa amlodipine. Inapanua mishipa midogo ya damu, maji yanavuja kuelekea miguuni, na dozi ikiwa kubwa hali inazidi. Kwanza alihakikisha moyo na figo hazina tatizo. Kisha akampunguzia amlodipine hadi miligramu 5 na kumwongezea losartan, dawa nyingine ya presha. Dozi zilipangwa na yeye kwa kuangalia vipimo vya Mama, kwa hiyo usiende kemisti kuomba hivyohivyo.

Mashine ya presha ya mkononi tulikuwa tumeshainunua kabla ya kwenda kliniki. Nayo ina adabu zake: mtu aketi atulie dakika 5, mgongo uegemee, mkono uwe usawa wa moyo, asiwe ametoka kunywa chai ya rangi au kubana mkojo, na asizungumze. Hilo la mwisho ndilo lililotushinda, maana Mama akifungwa tu ule mkanda hadithi za Chavakali zinamjia, na namba zinapanda. Baba Baraka alimwambia asali kimyakimya, na hiyo imesaidia. Wiki alizokuwa kwenye vidonge vitamu peke yake, namba ya juu haikushuka chini ya 160. Kichwa hakikumuuma hata kidogo, kwa hiyo yeye alijihesabu amepona. Presha ndivyo ilivyo, inaweza kupasua mshipa wa ubongo bila kupiga hodi. Baada ya kubadilishiwa dawa tulianza kuona 130 na kitu. Yeye mwenyewe ndiye anayesoma na kuandika, na akikuta imezidi 140 ananiita kwa sauti ya kushtaki.

Vidonge vyake anaendelea navyo kwa usingizi na goti. Anasema goti limepoa, nami sibishi. Maumivu ya goti huja na kuondoka, na chochote kilichokuwa mdomoni wakati yanaondoka hupata sifa. Tuliwekeana mpaka kwenye mambo mengine. Homa yoyote katika nyumba hii ni kipimo cha malaria siku hiyohiyo, kwani huku ziwani malaria haitoki. Ikionekana, ni dozi 6 za dawa ya mseto ya artemether na lumefantrine kwa siku 3, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Mtoto akihara ni ORS na zinki. Shirika la Afya Duniani lilishaonya mwaka 2009 kwamba homeopathia isitegemewe kwa malaria, kifua kikuu, Ukimwi, homa ya mafua wala kuhara kwa watoto wachanga. Mama aliukubali mpaka huo haraka kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa aliwahi kuzika mtoto kwa malaria kabla mume wangu hajazaliwa. Hakuhitaji kusomewa lolote kuhusu hilo.

Gharama tumegawana. Losartan, amlodipine na betri za mashine ni zetu mimi na Baba Baraka. Vidonge vitamu anajinunulia kwa pesa za chama chake.