Ila Merikebu Tu

Tafakari ya juma: Matendo ya Mitume 27:9–44

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wengi wetu tukiisoma safari ya Paulo kwenda Roma hukimbilia yule nyoka aliyemwuma mkononi huko Melita, kisiwa tunachokiita leo Malta, maana nyoka ana msisimko wake na wahubiri wanampenda. Juma hili naomba tusishuke haraka nchi kavu. Tubaki baharini, kwenye sura ya 27, na hasa kwenye maneno yanayofunga mstari wa 22. Paulo anawaambia watu waliokwisha kukata tamaa kwamba hakuna hata mmoja wao atakayepotea, "ila merikebu tu."

Paulo hapo ni mfungwa chini ya Yulio, akida (mkuu wa askari mia) wa Kirumi, ndani ya merikebu ya Iskanderia iliyobeba ngano kwenda Italia. Luka, mwandishi wa kitabu hiki, anasema siku za kufunga zilikuwa zimekwisha kupita, yaani ile Siku ya Upatanisho ya Wayahudi, ambayo huangukia Septemba au Oktoba. Baada ya hapo Bahari ya Kati huanza kuchafuka, na zamani zile kuanzia Novemba hadi Machi vyombo vingi vilikaa bandarini. Paulo akawashauri wasiondoke Bandari Nzuri, pale Krete. Alijua anachokisema: katika barua yake ya pili kwa Wakorintho, aliyoiandika kabla ya safari hii, anataja kuwa alikwisha kuvunjikiwa na chombo mara tatu. Lakini mfungwa ni nani mbele ya nahodha na mwenye merikebu? Akida akawasikiliza wenye chombo. Upepo wa kusi ukavuma polepole (ndugu zetu wa Pwani watashangaa, maana kusi wanayoijua wao haina polepole), wakaona mambo yamenyooka, wakang'oa nanga. Haukupita muda, tufani iitwayo Eurakilo ikawashukia kutoka upande wa kisiwa.

Humu kwetu wamo watu walio ndani ya tufani ambayo hawakuitafuta. Mume aliweka hati ya nyumba dhamana bila kumwambia mkewe. Wakubwa kazini walipitisha uamuzi mbovu, na wanaopunguzwa ni wa chini. Ulisema, hukusikilizwa, na sasa unalowa pamoja nao. Paulo alilowa vivyo hivyo. Nafurahi kwamba Luka hakuficha mstari wa 21, pale mtume anaposimama katikati ya watu wenye njaa na kuwaambia kwanza kwamba iliwapasa kumsikiliza. Hata yeye hakuweza kuimeza ile "niliwaambia". Ila hakuishia hapo, na hakuwaacha wazame kwa sababu walimpuuza.

Sasa tuje kwenye hofu. Jua halikuonekana siku nyingi, wala nyota, na kwa mabaharia wa enzi zile nyota ndizo zilizokuwa zikiwaonyesha njia. Luka anaandika, "tukakata tamaa ya kuokoka." Hasemi wapagani walikata tamaa, anasema sisi, naye yumo. Na malaika alipomjia Paulo usiku, neno lake la kwanza lilikuwa "Usiogope, Paulo." Mtu asiyeogopa haambiwi usiogope. Nalisema hili kwa sababu katika vikundi vyetu vya maombi hofu siku hizi inakemewa kama pepo. Dada akisema anaogopa majibu ya kipimo, kabla hajamaliza ameshawekewa mikono kichwani na kuambiwa akiri ushindi. Basi anajifunza kunyamaza. Daudi hakunyamaza. Zaburi 56:3 inasema, "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Siku hiyo hofu ipo, na tumaini lipo siku hiyo hiyo.

Lakini Mungu aliahidi nini hasa? Aliahidi watu. Merikebu hakuiahidi, na ngano hakuiahidi. Tena Paulo aliwaambia waziwazi kwamba hawana budi kupwelewa, yaani chombo kukwama ufukoni. Hapa ndipo mahubiri mengi ya siku hizi yanaponikwaza. Tunaahidiwa merikebu. Toa sadaka, biashara yako haitayumba. Funga na kuomba, kazi yako haitaguswa. Kisha biashara ikianguka, mtu anapoteza vitu viwili kwa siku moja, mtaji na imani, kwa sababu alifundishwa kwamba ni kitu kimoja.

Soko la Karume, Dar es Salaam, lilipoungua Januari 2022, yuko mama mmoja tunayesali naye aliyekuwa na kizimba chake cha mitumba pale. Belo la magauni alikuwa amelifungua majuzi tu, mengine hajayapiga hata pasi. Lilibaki jivu na vipande vya waya za kutundikia. Wapendwa walifika nyumbani kwake, wakaimba, wakamwambia Mungu atamrudishia maradufu. "Nikasema amina," alitusimulia baadaye, "lakini Ijumaa yule wa marejesho akaja, na deni lilikuwa lile lile." Mkopo wenyewe ulikuwa wa aina ile tunayoiita kausha damu, wa riba kubwa. Hakurudishiwa maradufu. Mpaka leo hana kizimba. Anapika maandazi na kuyapeleka kwenye vibanda vya chai alfajiri. Na yumo kanisani, anasali, watoto wake wapo. Sithubutu kumwambia kwamba Mungu hakuitimiza ahadi yake, na sithubutu pia kumwambia kwamba kizimba hakikuwa kitu. Merikebu ya Paulo ilikuwa kitu. Ilikuwa na mwenyewe, na ngano ile ilikuwa fedha ya watu.

Jambo jingine linapita kimya katika sura hii. Ahadi ikiwa imekwisha kutolewa, hakuna aliyekaa na kukunja mikono. Walikuwa wameshapitisha kamba chini ya merikebu ili isifumuke. Usiku wa kumi na nne mabaharia walipohisi nchi iko karibu, walitupa bildi, ile kamba yenye uzito ya kupimia kina, wakapata pima ishirini, mbele kidogo wakapata kumi na tano. Wakashusha nanga nne za tezi, yaani nyuma ya chombo, "wakaomba kuche." Nanga na maombi katika mstari mmoja, wala Luka haoni la kueleza. Kisha wale mabaharia walipotaka kutoroka na mashua, wakijifanya wanakwenda kushusha nanga za omo, yaani za mbele, Paulo, ambaye malaika alikwisha kumwambia kwamba wote watapona, akamwambia akida: hawa wasipobaki, ninyi hamtaokoka. Wajuzi wa kazi walihitajika. Kwa hiyo ewe ndugu uliyeacha vidonge vya presha kwa sababu umeombewa, rudi kliniki. Maombi hayajapungua nguvu kwa wewe kumeza dawa.

Halafu kuna ule mkate. Mimi ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kunapambazuka, watu 276 hawajala siku kumi na nne, merikebu inagonga-gonga nanga zake, na mfungwa anatwaa mkate, anamshukuru Mungu mbele ya wote, anaumega, anaanza kula yeye kwanza. Alikuwa amekwisha kuwasihi wale chakula. Walipomwona anatafuna, wakachangamka, wakala nao. Yule mama wa Karume anasema katika wale wote waliofika, anayemkumbuka ni mzee mmoja wa kanisa, mtu wa maneno machache, aliyekuja na nusu kilo ya sukari na mkate wa boflo, akawasha jiko mwenyewe, akamimina chai vikombe viwili na kukaa hadi chake kilipokwisha. Mama alikuwa hajala tangu moto ulipozuka.

Baada ya kushiba wakaitupa ngano baharini. Angalieni, ndiyo ile shehena iliyowatoa Misri, waliyoing'ang'ania muda wote huo. Omo ikakwama mchangani, tezi ikaanza kufumuliwa na mawimbi. Askari wakataka kuwaua wafungwa wasije wakatoroka, Yulio akawazuia kwa ajili ya Paulo. Wanaojua kuogelea wakajitosa kwanza. Waliosalia wakafika juu ya mbao na vipande vya merikebu ile ile iliyovunjika. Wote 276 wakafika nchi kavu salama, wameloa chapachapa, mvua inanyesha, baridi kali, hawana mzigo hata mmoja. Malta mpaka leo huiadhimisha ajali hiyo kila tarehe 10 Februari, na ni sikukuu ya taifa zima. Kwa wenyeji, chombo kile kuvunjika ndiko kulikomleta mtume kwao, na baba yake Publio, mkuu wa kisiwa, aliyekuwa akiugua homa na kuhara damu akapona. Paulo alipoaga pwani ya Krete hakuwa na habari za Publio.

Juma hili tusome sura ya 27 yote kwa mkupuo mmoja, kisha 28:1–10, ikiwezekana kwa sauti, watoto wakiwepo, wataipenda. Tukikutana jumuiyani, kila mmoja aje na jina la mtu mmoja atakayekwenda kumwona, na asiende mikono mitupu. Na aliye na marejesho Ijumaa hii na hana pa kuyatoa, asijikaze kwa kusema "namshukuru Mungu, tunaendelea vizuri." Aseme. Mwenye aibu ya kusema mbele ya watu amwambie mzee wa jumuiya pembeni, kabla ya Alhamisi.